L na R za Ofisi ya Asali

Mpanda, Jumatatu, 12 Juni 1972

Siku njema kuliko zote tangu niajiriwe! Nafasi ya karani mkuu iko wazi. Mzee aliyekuwa nayo amestaafu na amerudi kwao Kabungu kulima mahindi. Tumebaki makarani wawili tu katika ofisi hii ya chama cha asali. Mimi nina miaka sita kazini, Specioza ana miezi mitatu. Hesabu nyepesi.

Kumbe si nyepesi. Katibu wetu, Mzee Melkiadi, hataki kuonekana anapendelea. Kasema keshokutwa kila mmoja wetu atapiga chapa barua moja, na barua zitaondoka na treni ya Alhamisi. Atakayefanya vizuri ndiye karani mkuu, hapa hapa Mpanda. Mwingine atakwenda kukaa Ugalla, kwenye kituo cha kupokelea asali, msituni kabisa.

Ugalla! Mimi nikidungwa na nyuki mmoja navimba uso mpaka mwanangu Hilaria ananikimbia. Miaka sita nimefanya kazi ya asali kwa karatasi tu, bila kukutana na mwenye asali yake, na ningeshukuru iendelee hivyo hivyo.

Tatizo ni Specioza. Kasomea kupiga chapa kwa masista Tabora. Anatumia vidole vyote kumi na hatazami mashine hata kidogo! Anatazama dirishani, anahesabu kuku wa jirani, na barua inatoka safi. Mimi napiga kwa vidole viwili, na kila herufi naitafuta kama mbuzi aliyekata kamba.

Tena ananisahihisha. Leo nimemwambia kuna balua ya Katibu mezani. Akatabasamu: "Barua, kaka Gaspar. Si balua." Mbele ya wanachama wawili kutoka Kapalamsenga! Huku kwetu nani hajui kwamba L na R ni ndugu wa tumbo moja? Mkono wangu unaandika sawa, maana mwalimu alinifundisha imla kwa kiboko. Ulimi ndio haukuchapwa.

Jioni. Nimepata wazo! Limekuja nikiwa nakula. Specioza hatazami vitufe. Kwa hiyo nikihamisha vitufe viwili tu vya mashine, ataandika upuuzi mtupu asijue. Mimi ninayetazama nitaandika sawasawa. Na vitufe vyenyewe viwe L na R, ashike adabu. Mama Hilaria kaniuliza nacheka nini. Nimesema namcheka huyu samaki mgebuka sahanini. Kaondoa sahani.

Namshukuru Mungu kwa akili aliyonipa. Wengine wamenyimwa.

Jumanne, 13 Juni

Saa saba mchana Katibu alikwenda kula kwake, Specioza akaenda sokoni. Nikabaki na mashine peke yangu. Nilikuja na kijiko cha chai kutoka nyumbani.

Kitufe cha L, kile kidude cha juu chenye herufi, kilitoka vizuri. Cha R kilikataa. Nikaipindua mashine miguu juu, nikaitingisha, nikaipiga mgongoni. R ikatoka! Nikaiweka R mahali pa L, na L mahali pa R. Ukitazama huwezi kujua. Kazi ya fundi hasa. Nikaisimamisha mashine, nikaweka karatasi, nikajaribu.

Imekufa.

Kijiti cha herufi kinainuka, kinagonga, kinarudi, lakini kigari cha karatasi hakisogei. Herufi zote zinapandana mahali pamoja. Niliandika "Mpanda" nikapata doa jeusi. Kengele ya mwisho wa mstari, kimya. Hii ndiyo mashine pekee ya chama! Mtihani kesho! Na mtu wa mwisho kuigusa ni mimi!

Nikaanza matengenezo. Kwanza nikapuliza vumbi. Bado. Nikatoa utepe wa wino, nikaurudisha. Bado, na sasa vidole vyangu vyeusi. Nikasali Salamu Maria tatu. Bado. Nikawaza labda imechoka, nikaifunika kwa kifuniko chake, nikahesabu mpaka mia, nikaifunua ghafla kana kwamba ndiyo asubuhi. Bado! Nikaipiga kofi. Nikaiomba radhi.

Specioza aliporudi nilikuwa nimeifunika tena. Nimemwambia mashine inapumzika kabla ya mtihani. Akauliza tangu lini mashine inapumzika. Nikamjibu hata ng'ombe wa plau anapumzika. Akanitazama vidole, akaenda kuketi mezani kwake. Ninamshukuru kwa hilo.

Saa kumi, walipoondoka wote, nilimleta Mzee Lyamba, fundi baiskeli wa pale stesheni. Huyu ni Msukuma aliyehamia na ng'ombe wake miaka ile, sasa anatengeneza kila kitu chenye chuma. Kaizunguka mashine mara mbili. Kasema: "Ng'wanawane, mwanangu, mnyololo umeluka." Nimemwambia haina mnyororo. Kasema ndiyo maana haiendi.

Akaipuliza kwa pampu ya baiskeli. Karatasi za Katibu zikaruka mpaka mlangoni. Kisha akataka mafuta, ila kopo lake lilikuwa tupu. Kasema kitu chochote kinachoteleza kitafaa.

Hapo nikapata wazo jingine! Rafu nzima ya ofisi ina chupa za sampuli za asali. Lyamba akasita, akasema asali inanata. Nimemwambia ikipashwa moto inateleza, mimi ndiye mtu wa asali hapa. Tukaipasha kwenye jiko la chai na kumimina kijiko kimoja. Halafu cha pili.

Kwa kama dakika moja iliteleza kweli. Kisha ikapoa.

Sasa hata vijiti havirudi. Vikiinuka vinabaki juu, vinanitazama. Lyamba akafunga pampu yake kwenye baiskeli, akasema kama mashine itazikwa anaomba ile kengele. Nimempa chupa ya asali aondoke. Ni mzee mwema, alikuja bila kuuliza maswali. Nimerudi nyumbani na kumwambia Mama Hilaria anipangie begi. Kauliza la wapi. Nimesema la kwa nyuki.

Jumatano, 14 Juni

Sisimizi!

Nimefika saa moja asubuhi. Mstari mrefu kutoka dirishani, juu ya meza, chini ya kifuniko. Wengine wanaingia, wengine wanatoka wameshiba. Nilikuwa nawafukuza kwa gazeti Specioza alipoingia. Akafunua mashine. Halafu akauliza, kwa heshima kabisa, nani aliyeipa mashine chai ya asubuhi.

Nimesema panya.

Hakubisha. Akaleta maji ya moto na kitambaa, akafuta kijiti kimoja kimoja, kama mama anayemwogesha mtoto mwenye surua. Nusu saa nzima. Nikasema kwa sauti ya chini kwamba hata hivyo kigari hakisogei. Akapeleka kidole ubavuni mwa mashine, akainua kichuma kidogo kuliko punje ya mchele. Kigari kikaruka. Kengele ikalia: ting!

Kumbe kile kichuma kazi yake ni kukifunga kigari mashine inaposafirishwa na treni! Kasema, "Labda ulikigusa ukifuta vumbi, kaka." Ndiyo, nilikigusa. Nilikigusa nikiwa nimeipindua miguu juu na kuipiga mgongoni.

Nilitaka kulia kwa furaha. Nilimshukuru mara nne. Ya tano nikajizuia, nikakumbuka kwamba ni adui.

Akaanza barua yake, ya kwenda wilaya jirani kuhusu mkutano. Akatazama kuku dirishani, vidole vikakimbia. Nikasogea nyuma yake kuona upuuzi unavyotoka.

Haukutoka! "Barua", "mkulima", "wilaya", vyote sawa! L imekaa kwa L, R kwa R. Sielewi. Nimehamisha vitufe mwenyewe, kwa kijiko! Nimefikiri mpaka saa tano, nikapata jibu moja tu: zile Salamu Maria tatu. Mbingu zimeirudisha mashine katika hali yake na kuniepusha na dhambi. Basi. Nimeshukuru, na nimelifuta jambo hilo kichwani.

Mchana zamu yangu. Barua ya Tabora, ofisi kuu, kuomba mapipa ya asali. Ndiyo kubwa hasa, maana kule Ugalla asali imejaa kwenye vyungu na vyungu vinapasuka. Nimepiga saa moja na robo. Kila herufi nimeitazama kwa macho yangu mawili. Nikitaka L, nabonyeza palipoandikwa L. Nikitaka R, nabonyeza palipoandikwa R. Specioza alikuwa kaenda bombani kuosha vitambaa vya asali, kwa hiyo hakuna wa kunisumbua.

Katibu kaisoma kwa sauti yake nzito ya Kibende, toka juu hadi chini. Ikasikika vizuri kabisa! Kasema hajasikia kosa hata moja, na kwamba sisi wawili tumelingana, kwa hiyo ataamua majibu yakija. Nimebandika nakala ya kaboni hapa, wajukuu wangu waione:

*Ndugu Mkulugenzi,*
*Tunaomba mapipa alobaini ya asari, na mahari pa kuyaweka katika bohali renu hapo Tabola. Tunaomba pia karamu mbiri kwa ajiri ya makalani. Tafadhari tujibuni mapema kabra asari haijahalibika.*
*Wenu katika ujenzi wa taifa,*
*Gaspal Rusambo,*
*kny. Katibu*

Naisoma na kuisoma. Safi.

Alhamisi, 15 Juni

Nimepeleka barua stesheni mwenyewe. Nimesubiri mpaka treni imepotea machoni. Mzee Lyamba kauliza habari za kengele. Nimemwambia iko hai. Alionekana kusikitika.

Mchana, ofisi ikiwa tupu, nimekaa kwenye kiti cha karani mkuu. Kinayumba kidogo mguu wa kushoto. Nitaweka karatasi iliyokunjwa.

Jumapili, 18 Juni

Misa ya kwanza. Nimetoa shukrani kwa mashine kupona. Kanisa zima tuliimba "Bwana utuhulumie", na katikati sauti moja peke yake, ya Specioza kwenye kwaya, "utuhurumie". Nimemwonea huruma. Mtu mmoja kukosea mbele ya watu wote.

Jumanne, 20 Juni

Sijala tangu asubuhi. Naandika hivyo hivyo.

Treni ya asubuhi imeleta majibu ya Tabora. Katibu alituita wote wawili, akavaa miwani, akasoma kwa sauti. Nanukuu, maana sitayasahau:

"Kuhusu mahari: ofisi hii haijaposa kwenu. Kuhusu karamu mbili: tungependa kwanza kujua hiyo moja inasherehekea nini. Kuhusu mapipa: hayatatolewa mpaka tupate barua iliyoandikwa na mtu mzima. Isipokuja na treni hii hii inayorudi leo saa kumi, mapipa yatapelekwa kwingine."

Katibu akasema hawaelewi hawa. "Mbona ndivyo tulivyoomba? Mahari! Mahari pa kuweka mapipa!" Nami nikasema ndiyo, na karamu, karamu za wino!

Specioza akaomba kuiona nakala ya faili. Akaanza kusoma. Akafunika mdomo. Akatoka nje. Tukamsikia akicheka ukutani mpaka akakohoa. Aliporudi amefuta machozi, akatuonyesha neno moja moja kwa kidole. Tulikuwa tumeiomba ofisi kuu itulipe mahari na kuwafanyia makarani karamu mbili. Na nilikuwa nimelitia sahihi jambo hilo kwa jina la Gaspal, mtu ambaye hata mama yangu hamjui.

Katibu akavua miwani. Nimemfahamu miaka sita, sijawahi kumwona akivua miwani ili agombe. Kasema watu wa Ugalla wanakinga asali kwa masufuria ya kupikia, na mimi naandika utani. Kasema kesho kuna lori la Ugalla na mimi nitakuwa juu yake. Nikajaribu kueleza kwamba L nilibonyeza L. Kila nilipotamka, Katibu akazidi kuwaka. Nadhani nilitamka vibaya.

Specioza akaitazama mashine. Akaona vitufe. Akanitazama mimi. Mimi nikatazama sakafu. Akanitazama tena vidole, vilevile vilivyokuwa vyeusi siku ile. Alijua. Mungu wangu, alijua kila kitu! Neno moja tu lingetosha kunipeleka kwa nyuki.

Akasema: "Ndugu Katibu, kosa ni langu. Nilipofuta sisimizi vitufe vililegea, nadhani nikavirudisha vibaya."

Lake! Kasema ni lake!

Katibu akaguna. Akavaa miwani. Akasema kumbe. Lakini akanigeukia: safari hii nimepona, ila barua nyingine moja tu ikitoka kwa mkono wangu na kosa la L au R, napanda lori siku hiyo hiyo, bila kuaga.

Specioza akanituma maji ya kunywa bombani. Niliporudi alikuwa ameinamia mashine, anachokonoa vitufe kwa kibanio chake cha nywele. Nadhani kulikuwa na sisimizi waliobaki. Kisha akapiga barua ile upya, dakika sita, akiwatazama kuku. Saa kumi kasoro dakika tano nikatoka nayo mbio. Ndala moja imebaki darajani. Treni ilikuwa imeanza kusogea. Nikaruka ruka kando ya behewa la mwisho mpaka gadi akainyakua bahasha mkononi mwangu.

Nimerudi mguu mmoja pekupeku, nikaenda nyuma ya ghala, nikalia. Sikulia kwa sababu ya ndala. Mimi nilimtega msichana yule mchana kweupe, kwa kijiko, na yeye akasimama mbele yangu akapokea lawama bila hata kuniuliza. Sijawahi kufanyiwa hivyo na mtu, hata na ndugu zangu. Nashindwa kuandika vizuri. Asante, dada Specioza. Sijamwambia mwenyewe bado, naandika hapa kwanza nizoee.

Alhamisi, 29 Juni, sikukuu ya Petro na Paulo

Mapipa yamefika! Arobaini! Na barua nzuri ya kutupa nafasi kwenye bohari. Na kalamu mbili, zimefungwa kwa uzi na kikaratasi: "Karamu zenu." Wana utani wale.

Katibu katangaza asubuhi. Karani mkuu ni Specioza. Nimepiga makofi mpaka viganja vikawaka, na yalikuwa makofi ya kweli, hata mimi nimejishangaa. Halafu yeye akaomba neno. Kasema Ugalla aajiriwe mtu wa kule kule aliyezoea nyuki, na kaka Gaspar abaki hapa, ofisi inamhitaji. Inanihitaji! Katibu akakubali, ila akarudia ile habari ya lori na herufi. Nikasema nimesikia.

Mama Hilaria kaleta kuku wa kuchemsha katika bakuli lenye mfuniko, akampigia dada Specioza magoti. Hilaria kampa ua. Mimi nikampa mkono na kumwambia asante, safari hii kwa mdomo. Akasema si kitu, kaka. Akanikabidhi kazi ya heshima: nipige chapa barua ya kuwashukuru Tabora. "Polepole tu. Nitaipitia nikirudi." Kisha wakaenda stesheni, yeye na Katibu, kuhesabu mapipa.

Nikabaki na mashine. Nikawaza: shukrani ya mdomo haitoshi. Msichana huyu kanisitiri, na vitufe vyangu vya dhambi bado vimekaa palepale nilipoviweka! Yeye hatazami, hawezi kuona shida yake. Mwenye kukosea ndiye arekebishe. Nikaenda nyumbani mbio, nikarudi na kile kijiko.

L nimeitoa, nimeipeleka kwa R. R nimeitoa, nimeipeleka kwa L. Na safari hii sikuipindua mashine! Sikuipiga! Asali sikuigusa! Nimejaribu: kigari kinakwenda, kengele inalia. Anayesema Gaspar hajifunzi, aje aone.

Nikapiga barua kwa moyo mmoja. Katibu karudi kuchukua kofia, nikamwomba aisome. Kaisoma kwa sauti, kasema imemgusa. Kumsubiri Specioza nimeona ni kumwongezea kazi mtu aliyenitendea wema mkubwa hivyo. Nimeipeleka stesheni kwa njia ya nyuma asinione. Imeondoka na treni ya saa kumi. Atajua majibu yakija, na atafurahi.

Nimemwambia Mama Hilaria alifungue lile begi na kurudisha mashati yangu msumarini. Nakala naibandika hapa. Nimeisoma mara tatu, haina kosa hata moja:

*Ndugu Mkulugenzi,*
*Tunawashukulu sana kwa mapipa alobaini na kwa mahari. Karamu mbiri tumezipokea, makalani wote wamefulahi. Asari yote imesarimika. Kalibuni Mpanda mje mrare.*
*Wenu mwenye shukulani,*
*Gaspal Rusambo*